Serikali Hainunui Gari Lako: Hotuba kuhusu Kubadilisha Gari Kuukuu kwa Ruzuku

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa jumuiya yetu ya Waswahili tunaoishi Marekani. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu kazini wakashindwa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti wetu, wazee wetu, mama zetu na ndugu zangu nyote: shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo wengi wenu mmekuwa mkiniuliza kwa simu, wengine usiku baada ya zamu, wengine mkiwa mmeshasimama ndani ya yadi ya muuzaji magari na kalamu mkononi. Swali lenyewe ni hili: nikipeleka gari langu kuukuu kwenye mpango wa serikali wa kulipia magari ya zamani, nitapata nini, na nitapoteza nini?

Nitajibu kwa kuwarudisha kwenye kiangazi cha mwaka 2009, kwa sababu mpango mkubwa kuliko yote ya namna hii katika nchi hii ulifanyika wakati ule, na mimi nilikuwa ndani yake. Nilikuwa karani wa hati katika yadi moja ya magari mapya. Sikuuza gari hata moja, wala sikushika spana, lakini kila karatasi ya kila gari lililoletwa pale kwa ajili ya ruzuku ilipita mikononi mwangu, na nyingine zilirudi mikononi mwangu mara tatu.

Mnaukumbuka mwaka ule. Kampuni ya magari ya Chrysler iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika tarehe 30 Aprili, General Motors ikafuata tarehe 1 Juni, na katika yadi yetu magari mapya yalikaa juani hadi vumbi likaandikika kwa kidole. Tarehe 24 Juni Rais Barack Obama alitia saini sheria iliyoanzisha mpango uliojulikana rasmi kwa kifupi cha CARS, ukasimamiwa na mamlaka ya usalama barabarani ya NHTSA, iliyo chini ya Wizara ya Uchukuzi. Masharti yalieleza kwamba mtu akileta gari la zamani linalokunywa mafuta na kuchukua jipya linalotumia mafuta kidogo, bei ya lile jipya itapunguzwa kwa dola 3,500 au dola 4,500, na muuzaji atarudishiwa fedha hizo na serikali.

Bunge lilitenga dola bilioni 1, likitarajia kwamba mpango ungeendelea hadi tarehe 1 Novemba. Maombi ya malipo yalianza kupokewa tarehe 24 Julai. Kufikia tarehe 30 Julai, yaani chini ya wiki moja baadaye, fedha zilikuwa zinakaribia kwisha. Zikaongezwa bilioni 2 nyingine, rais akatia saini tarehe 7 Agosti, na bado mpango ukafungwa tarehe 24 Agosti saa mbili usiku kwa saa za mashariki. Kwa mwezi mmoja magari zaidi ya 677,000 yalibadilishwa, na ruzuku iliyolipwa ilikuwa takriban dola bilioni 2.85.

Sasa nawauliza, ndugu zangu: kwa fedha zote hizo, serikali ilinunua nini?

Wengi husema ilinunua magari ya zamani, na hapo ndipo makosa yote huanzia. Serikali haikununua gari la mtu yeyote. Serikali ililipia kifo cha gari. Naomba mlishike neno hilo, kwa sababu kila sharti mnaloliona gumu, na kila karatasi mnayoiona ya usumbufu, inatoka kwenye neno hilo moja.

Nitawasimulia jinsi kifo chenyewe kilivyokuwa, kwa kuwa wengi husikia tu kwamba gari liliharibiwa na hawajui maana yake. Katika wiki ya kwanza alikuja mzee mmoja, seremala mstaafu, na Ford Explorer ambayo ndani bado ilinukia mbao. Gari la aina hiyo ndilo lililoletwa kwa wingi kuliko mengine yote nchini, na gari jipya lililochukuliwa kwa wingi kuliko mengine lilikuwa Toyota Corolla. Mzee alikwisha kukabidhiwa lake jipya, lakini alikuwa ameomba aitwe siku ya kulizima lile la zamani, na meneja wetu, kwa heshima ya umri wake, alimkubalia.

Fundi aliingia chini, akafungua nati, na oili ikatiririka kwenye karai hadi ikabaki inadondoka tone moja moja. Akaifunga nati. Kisha akachukua chupa ya silikati ya sodiamu iliyochanganywa na maji, kimiminika kizito ambacho kikipata joto kali hukauka na kuwa kama kioo, akamimina kwati mbili, karibu lita mbili, kupitia mdomo wa kujazia oili. Akawasha. Injini iliitika mara moja, kwa sauti ile ile ambayo mzee aliizoea miaka yote, na kwa muda mfupi mtu angedhani hakuna kilichotokea. Fundi akakanyaga resi hadi mizunguko 2,000 kwa dakika, akaishikilia hapo. Sauti ikaanza kukwaruza. Ikasikika sauti ya chuma kikigonga chuma, harufu ya kitu kinachoungua ikajaa karakana, bodi lote likatikisika mara mbili tatu, na injini ikanoki. Ilichukua dakika kama nne. Baada ya kusubiri ipoe fundi alijaribu kuiwasha tena, kama maelekezo yalivyotaka, na haikuzunguka.

Mzee alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Alinigeukia akaniuliza, "Mwanangu, kwa nini wasimpe mtu?"

Ni swali la haki, na najua wengi hapa mngeuliza lile lile, kwa sababu tumekuzwa kuamini kwamba injini inayowaka haitupwi. Jibu nililompa siku ile lilikuwa la kubabaika. Jibu ninalolitoa leo ni hili: gari lile likipewa mtu, litaendelea kunywa mafuta kama lilivyokuwa likinywa, na serikali itakuwa imelipa dola 4,500 ili gari lihame mkono. Fedha zilitolewa kwa sharti kwamba gari litoke barabarani lisirudi tena. Ndiyo maana muuzaji alitakiwa aandike juu ya hati ya umiliki kwamba gari hilo ni la kutupwa, na ndiyo maana bodi lilitakiwa kupondwa au kukatwakatwa ndani ya siku 180. Milango, vioo, viti na taa viliruhusiwa kuuzwa kama vipuri. Injini haikuruhusiwa.

Ujerumani mwaka ule ule ilitoa euro 2,500 kwa kila gari lenye umri wa miaka tisa au zaidi lililopelekwa kuvunjwa, na maofisa wa polisi wa huko walieleza baadaye kwamba maelfu ya magari yaliyolipiwa kifo yalivushwa mipaka na kuuzwa yakiwa hai. Basi ukimwona fundi akimimina kile kimiminika usidhani ni ukatili wa bure.

Kutoka hapo tuje kwenye karatasi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hapa ndipo nilipoona watu wakilia.

Kama unalipia kifo, ni lazima kwanza uthibitishe kwamba kulikuwa na uhai. Serikali haikutaka kulipia gari lililokuwa limelala nyuma ya nyumba likiota majani, kwa sababu gari hilo halikuwa likichoma mafuta ya mtu. Kwa hiyo sheria ilidai gari liwe linaendeshwa. Ilidai liwe limesajiliwa kwa jina la mwenyewe yule yule, na liwe na bima mfululizo kwa kufuata sheria ya jimbo lake, kwa mwaka mzima kabla ya siku ya kulileta. Liwe limetengenezwa chini ya miaka 25 iliyopita. Liwe, kwa magari ya kawaida, ni la wastani usiozidi maili 18 kwa galoni. Hati ya umiliki iwe safi, bila deni la benki. Na lile jipya bei yake iliyotangazwa na mtengenezaji isizidi dola 45,000.

Yote hayo mtu huyasoma kwa dakika moja na kusema, mimi ninafaa. Lakini mfululizo maana yake nini? Mwaka mzima maana yake nini? Jina lile lile maana yake nini?

Alikuja kijana mmoja, mhudumu wa wagonjwa katika nyumba ya wazee, baba wa watoto wawili. Gari lake lilikuwa la kupelekwa bila swali: lilikuwa linaendeshwa, la jina lake, la maili 15 kwa galoni. Alileta karatasi ya bima ya sasa. Muuzaji wetu akaitazama, akaona jina, akaona kampuni, akatikisa kichwa kukubali, na jioni ile kijana akaondoka na gari jipya huku watoto wakipunga mikono dirishani. Mimi nilikuja kuipata karatasi ile siku ya pili. Bima ilianza katikati ya Februari. Nikampigia simu: na kabla ya hapo? Akasema kabla ya hapo alikuwa na kampuni nyingine. Akaleta na ile. Ilikuwa imeishia siku kumi na moja kabla ile mpya haijaanza, kwa sababu mwezi ule mshahara wake ulichelewa.

Siku kumi na moja, ndugu zangu. Si mwezi. Siku kumi na moja.

Dai lilikataliwa. Na katika rundo la karatasi alizotia saini ile jioni ilikuwamo moja, iliyoandikwa na yadi yetu wenyewe, inayosema kwamba serikali ikikataa kulipa, mnunuzi atazilipa fedha zile yeye. Hakuisoma, na hakuna mtu aliyemsomea. Lile gari lake la zamani lilikwisha kuzimwa, maana wakati ule tulikuwa tukizima magari kwa haraka ili kupata nafasi ya kuegesha. Hakuwa na gari la kurudi kwake, na alikuwa na dola 4,500 za kutafuta. Kosa la kuitazama karatasi nusu lilikuwa letu sisi tulioajiriwa kuitazama, na aliyelilipia ni yeye, kwa awamu, kwa miaka miwili. Nimelibeba jambo hilo hadi leo, na ni sababu moja kubwa ya mimi kusimama hapa.

Nasema haya si kwa kuwatisha. Nasema ili mjue kwamba karatasi ya bima inayotakiwa si ile inayoonesha kwamba una bima leo. Inayotakiwa ni ile inayoonesha kwamba hujawahi kukosa, na kampuni ya bima ukiiomba historia hiyo itakuandikia. Iombe kabla hujaenda yadi. Na kama gari liko kwa jina la mume na anayelipeleka ni mke, au liko kwa jina la kaka aliyehamia jimbo jingine, litazameni jambo hilo nyumbani, mkiwa mmekaa, wala msilisubiri liwakute dirishani kwa karani kama mimi.

Jambo la tatu halihitaji maneno mengi, ila limewapotezea watu fedha nyingi. Kama serikali inalipia kifo cha gari, basi thamani ya uhai wake hakuna anayeilipa. Ukienda yadi siku ya kawaida kubadilisha gari, muuzaji anakadiria gari lako lina thamani gani, anakata kwenye bei ya lile jipya, na wewe unaongeza kilichobaki. Katika mpango ule ruzuku ilichukua nafasi ya makadirio hayo. Haikujumlishwa juu yake. Kilichobaki juu ya ruzuku kilikuwa bei ya chuma chakavu tu, ambayo muuzaji alitakiwa akutajie, naye akaruhusiwa kubaki na dola 50 kwa ajili ya gharama zake.

Dada mmoja aliyekuwa akiuza vyakula kwenye minada alileta pikapu kubwa, safi, iliyotunzwa, akiwa amefanya hesabu zake kwenye bahasha: thamani ya pikapu dola 6,000, ongeza 4,500 za serikali, jumla dola 10,500. Nilimwita pembeni, nikamwambia aipeleke sokoni aiuze kwa dola zake 6,000 na asiikaribie karakana yetu. Meneja hakunifurahia siku ile. Yule dada bado hunitumia salamu. Gari la kupeleka kwenye mpango wa namna hii ni lile ambalo sokoni hakuna mtu wa kulitolea fedha inayofikia ruzuku. Likizidi hapo, unaichomea serikali fedha yako mwenyewe.

Na kuna haki nyingine ambayo wengi hawakuidai. Sheria ilimkataza muuzaji kuitumia ruzuku kufuta punguzo lake mwenyewe. Kama ametangaza kwamba gari lina punguzo la dola 1,000, basi punguzo hilo libaki, na ruzuku ije juu yake. Niliona bei zikibadilika asubuhi kabla wateja hawajaingia. Kwa hiyo bei uliyoiona jana ichukulie picha, na uende nayo.

Sasa nataka kusema kidogo kuhusu mafuta, kwa sababu mpango ulipangwa kwa maili na galoni, na maili na galoni zina namna ya kumdanganya mtu mwenye nia njema.

Kwa magari madogo, ili upate dola 3,500 gari jipya lilipaswa kulizidi la zamani kwa maili 4 hadi 9 kwa galoni, na ili upate 4,500 liwe limelizidi kwa maili 10 au zaidi. Malori madogo na magari makubwa ya familia yalikuwa na vipimo vyake vya chini zaidi. Ukisikia hivyo utadhani aliyepata 4,500 ndiye atakayeokoa mafuta mengi. Hebu tupige hesabu pamoja. Mtu wa kwanza ametoka maili 17 hadi maili 26 kwa galoni. Tofauti ni 9, anapata dola 3,500. Mtu wa pili ametoka maili 18 hadi 28. Tofauti ni 10, anapata 4,500. Wote wawili wanaendesha maili 12,000 kwa mwaka. Yule wa kwanza alikuwa akichoma galoni 706, sasa anachoma 462, ameokoa 244. Yule wa pili alikuwa akichoma 667, sasa anachoma 429, ameokoa 238. Aliyepewa dola 1,000 pungufu ndiye aliyeokoa mafuta mengi zaidi.

Kwa nini nawapa hesabu hii? Kwa sababu niliwaona watu wakichagua gari wasilolihitaji, la bei ya juu zaidi, ili tu tofauti ifike 10. Hesabu ya nyumbani kwako ni ya galoni unazonunua kila wiki, na ukitaka kuipata gawanya maili unazoendesha kwa maili za galoni moja, kwa gari la zamani na kwa lile jipya, kisha toa. Magari yaliyoletwa nchi nzima yalikuwa na wastani wa maili 15.8 kwa galoni, na yaliyochukuliwa 24.9. Kwa maili 12,000 hizo ni karibu galoni 280 kwa mwaka ambazo hazikuchomwa. Hilo ni jema, na mimi silidharau.

Nimefika sasa kwenye jambo ambalo limenisumbua zaidi ya yote, nalo ni hili: mpango ule ulikuwa wa nani?

Mchumi Alan Blinder alipoliandika wazo hili gazetini mwaka 2008, kabla halijawa sheria, alitetea kwamba lingesafisha hewa, lingechangamsha uchumi, na pia lingewasaidia watu wa kipato cha chini, kwa kuwa wao ndio wenye magari ya zamani zaidi. Lilipopita bungeni liliambatanishwa na sharti: ni lazima ununue gari jipya, au ulikodishe kwa miaka isiyopungua mitano. Jipya kutoka kiwandani. Gari la mitumba la miaka mitatu, hata kama lilikunywa mafuta kidogo kuliko yote, halikukubaliwa.

Fikirini basi. Nani anaendesha gari la miaka ishirini? Na kati ya hao, ni wangapi wanaoweza kununua gari jipya, hata likipunguzwa dola 4,500?

Alikuja mama mmoja aliyesafisha maofisi usiku. Gari lake lilikuwa mkweche hasa, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba, lakini lilikuwa mali yake, halikudaiwa na mtu. Alipata dola 4,500 zake kwa haki, karatasi zake zilikuwa safi kuliko za matajiri. Kisha akatia saini mkopo wa miezi 60 kwa fedha iliyobaki. Akawa pia na bima ya gari jipya, ambayo mkopeshaji alidai iwe kamili, na iliyomgharimu mara mbili ya ile aliyokuwa akilipa. Siku ile alikuwa na furaha, na sikuwa na moyo wa kumwuliza lolote. Mwaka uliofuata saa zake za kazi zilipunguzwa, akashindwa malipo ya miezi mitatu, na gari likachukuliwa usiku mbele ya nyumba yake. Akabaki bila lile jipya, na bila ule mkweche uliokuwa ukimfikisha kazini.

Ruzuku ilikuwa ya kweli. Akiba ya mafuta ilikuwa ya kweli. Lakini alikuwa ameingia na mali isiyo na deni akatoka na deni, na hilo halikuwa limeandikwa popote kwenye fomu zangu. Mpango ulipima gari kwa kila namna, ukapima umri wake, mafuta yake, bima yake na hati yake, ila haukumpima mwenye gari kama ana uwezo wa kubeba kinachofuata. Kipimo hicho kiliachwa kwetu sote, na sisi katika yadi tulikuwa na sababu ya kutokipima.

Wachumi wawili, Atif Mian na Amir Sufi, walilinganisha baadaye miji iliyokuwa na magari mengi yanayofaa kwa mpango na miji iliyokuwa nayo machache. Waligundua kwamba katika miezi ya Julai na Agosti yalinunuliwa takriban magari 370,000 ya ziada, kisha mauzo yakashuka chini ya kawaida, hata kufikia Machi 2010 ziada yote ilikuwa karibu imefutika. Maana yake ni kwamba wengi walionunua wangenunua tu, miezi michache baadaye. Walikuwa watu wenye uwezo. Sisemi mwezi ule haukuwa na faida: katika yadi yetu walirudishwa kazini watu watatu waliokuwa wameachishwa, na mmoja wao alikuwa na mtoto mchanga. Lakini yule mama msafishaji, ambaye kwa ajili ya watu kama yeye wazo lilitetewa tangu mwanzo, ndiye aliyebeba mzigo mkubwa.

Mpango ule wa taifa ulikwisha na haukurudi. Mnayoulizia sasa ni ya majimbo, na mengine yamejifunza. California, kwa mfano, jimbo humlipa mwenye gari ili gari liondolewe barabarani bila kumlazimisha kununua jingine, na mwenye kipato cha chini hulipwa zaidi. Huko pia gari linatakiwa lifike kwa mvunjaji likiendeshwa kwa nguvu zake lenyewe, na usajili wake wa miaka ya nyuma huangaliwa. Unaona, ndugu yangu? Sheria ni nyingine, jimbo ni jingine, lakini bado kwanza wanataka kuona uhai, kisha wanalipia kifo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kwenye simu, "Nipeleke?", mimi humwuliza maswali yangu kabla sijajibu. Gari lako sokoni lingepata ngapi leo? Bima yako iliwahi kukatika, hata kwa siku moja, katika kipindi wanachokiangalia? Jina lililo kwenye hati ni la nani? Unalazimishwa kununua jingine, na kama unalazimishwa, malipo ya mwezi pamoja na bima mpya utayatoa wapi ikiwa saa zako za kazi zitapunguzwa? Mwenye majibu ya hayo manne hanihitaji mimi. Asiye nayo, namwomba asitie saini popote siku hiyo, hata muuzaji akimwambia kwamba fedha za mpango zinakwisha kesho. Mwaka 2009 zilikuwa zinakwisha kweli kweli, na yule kijana wa siku kumi na moja alikuwa amefanya haraka kwa sababu hiyo hiyo.

Mwenyekiti ameniruhusu nitumie meza ile ya pembeni baada ya chai. Wale niliowaomba mje na hati zenu, njooni nazo, na wale waliozisahau nyumbani tutapanga siku. Msianze na picha za magari mnayoyataka. Wekeni mezani karatasi za bima, ya zamani chini na mpya juu, tuzisome tarehe moja baada ya nyingine, na pale tutakapokuta pengo tutasimama hapo kwanza.

Asanteni kwa kunisikiliza.